Maswali ya Wasomaji: Nyumba Hii Ilijengwa na Nani, na Lini?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini watuandikie kuhusu majengo ya zamani wanayoishi au wanayopita kila siku. Nimechagua barua ambazo majibu yake yanaweza kumsaidia na mwingine, na nimeanza na ile iliyonichukua muda mrefu zaidi.

SWALI: Kamwene, mwandishi. Familia yetu ina nyumba eneo la Miyomboni, mjini Iringa, ambayo marehemu babu aliinunua mwaka 1964 kutoka kwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi. Mbele ni duka, nyuma ni vyumba vitatu na ua. Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa dirishani, na mtaa mzima unasema ni nyumba ya Mjerumani. Tunao mkataba wa mauziano wa ukurasa mmoja, pamoja na hati iliyochakaa. Wajomba wanataka historia yake iandikwe. Tuanzie wapi? – *Mjukuu, Miyomboni*

JIBU: Kamwene, mjukuu. Anzeni na mtu mzima kuliko wote katika ukoo aliyeishi humo, tena wiki hii, kwa sababu jalada linaweza kusubiri hadi mwakani na yeye ana umri wake. Hata hivyo, msimuulize nani aliijenga, maana hilo alilisikia kama ninyi mlivyolisikia. Muulizeni aliyoyaona kwa macho yake: jiko lilikuwa upande gani, sakafu ya saruji iliwekwa lini na kabla yake kulikuwa na nini, mlango upi ulizibwa, bati lilibadilishwa mara ngapi, jirani wa kulia alikuwa akiuza nini. Majibu ya namna hiyo yanaweza kupimwa ukutani, na yakithibitika, hata masimulizi yake mengine yatapata uzito.

Baada ya hapo ishikeni namba ya kiwanja, wala msihangaike kwanza na majina ya watu. Jina la mfanyabiashara mmoja huweza kuandikwa na makarani kwa namna tatu, mara kwa jina la baba, mara kwa jina la duka, mara kwa jina la ubia aliouvunja baadaye, lakini kiwanja hakihami. Namba nayo ina mitego yake. Niliwahi kupoteza siku mbili katika masjala ya halmashauri moja nikitafuta kiwanja kwa namba iliyokuwa kwenye mkataba wa zamani, kumbe eneo zima lilikuwa limepimwa upya na kupewa kitalu na namba nyingine. Karani mmoja mzee ndiye aliyenitoa gizani: alifungua ramani ya upimaji, akanionyesha namba mpya iliyoandikwa kwa wino mweusi, na pembeni yake ya zamani kwa penseli, imekatwa mstari. Tangu siku hiyo siombi jalada kabla sijaomba kuona ramani.

Mkishaipata namba, ombeni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa. Jibu la upekuzi litaeleza nani anamiliki leo na kama kuna rehani au zuio, na hayo humtosha mnunuzi. Ninyi mnahitaji zaidi. Ulizeni kuhusu miamala ya nyuma iliyosajiliwa juu ya hati hiyo, kisha nendeni halmashauri mkaombe jalada la kiwanja, ambamo mara nyingi hukaa barua za kudai kodi ya pango la ardhi, maombi ya vibali vya ujenzi, na pengine mchoro wa choo au stoo iliyoongezwa. Mchoro wa choo una thamani kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu mchoraji alilazimika kuonyesha na nyumba yenyewe ilivyokuwa siku hiyo. Msishangae mkikuta pengo katika miaka ya 1970: halmashauri zilivunjwa mwaka 1972 katika mpango wa Madaraka Mikoani, za mijini zikarudishwa mwaka 1978, na katika kuhama huko karatasi nyingi zilibadilisha kabati, nyingine hazikuonekana tena.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba katika jalada moja mwenye nyumba huonekana kama watu watatu. Amri ya Kaiser ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe aliyetambuliwa ni mali ya dola ya Kijerumani, na kutokana na amri hiyo baadhi ya watu waliuziwa vipande vya ardhi moja kwa moja. Waingereza nao wakatunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyoleta haki ya kumiliki kwa muda maalumu, ila milki zilizouzwa zamani wakaziacha zilivyo. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliziondoa milki hizo huru, yaani zisizo na kikomo cha muda, na kuzigeuza kuwa upangaji wa Serikali wa miaka 99. Mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki, ambayo ndiyo tunayoijua hadi leo chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Kwa hiyo mtu aliyekaa chumba kile kile bila kuhama anaweza kuandikwa mmiliki huru, kisha mpangaji wa Serikali, kisha mwenye haki ya kumiliki. Mkataba wa babu wa mwaka 1964 umeangukia katikati ya mabadiliko hayo, na ndiyo maana nawasihi msome kwa makini alinunua kitu gani hasa, kabla ya kuandika kwamba “alinunua nyumba”.

Sasa tuje kwa Mjerumani. Wajerumani waliiteka ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga Oktoba 1894, wakaanza kuujenga mji wa sasa wa Iringa mwaka 1896, na majeshi ya Waingereza yakauingia Agosti 1916. Ni miaka 20 tu, na sehemu yake kubwa ilikuwa ya vita na ya kujenga majengo ya serikali yenyewe. Ukuta mnene hautuambii taifa la aliyejenga. Unatuambia kuwa tofali lililazwa kwa udongo, na ukuta wa udongo lazima unenepe ndipo usimame. Wahindi, wamisionari na Wahehe wenyewe walijenga hivyo miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka.

Chukueni kisu kidogo, mkwangue kiungo cha matofali mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango kwa mfano. Kiungo cha udongo hubomoka kwa ukucha, cha chokaa hutoa unga mweupe, cha saruji hukigomea kisu. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kuzalisha mwaka 1966, na kabla yake saruji ilikuja kwa meli, kisha ikapandishwa milima hadi Iringa, hivyo hakuna mwenye duka aliyeimwaga ovyo ukutani. Pandeni darini na tochi. Mbao zilizopasuliwa kwa msumeno wa mikono zina mikwaruzo iliyonyooka lakini isiyolingana, ilhali msumeno wa duara wa mashine huacha alama zilizopinda kama mwezi mchanga. Bati la zamani nalo huwa na chapa ya kiwanda upande wa chini, ambako mvua haikuifikia.

Kwa maelezo yenu ya duka mbele na vyumba nyuma kuzunguka ua, naelekea kuamini kwamba nyumba ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi wakati wa Waingereza. Kabla ya kukubaliana nami au kunikatalia, nendeni mkaitazame Boma ya Wajerumani, ambayo tangu mwaka 2016 ni makumbusho, mkalinganishe madirisha yake na ya kwenu.

SWALI: Shikamoo, mwandishi. Nimepanga fremu ya duka Uhindini, Mbeya, katika jengo la Shirika la Nyumba la Taifa. Juu ya mlango, chini ya rangi za miaka mingi, kuna herufi mbili zilizofinyangwa kwa lipu na mwaka 1938. Wateja huniuliza kila siku ni jengo la nani. Ningependa kujua, ila naogopa nikiuliza ofisini watadhani nina madai. – *Mama Duka, Uhindini*

JIBU: Marahaba, Mama Duka. Wewe una bahati kuliko wa Iringa, kwa sababu mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, na hivyo habari ya Mjerumani haikuhusu hata kidogo. Mwaka 1938 unakubaliana kabisa na historia ya mji: dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ilikuwa imevuta wachimbaji kutoka pande zote, na wachimbaji wanahitaji sululu, blanketi, unga na mikopo. Wenye maduka waliouza vitu hivyo ndio waliojenga Uhindini. Herufi mbili kwa kawaida ni za mwenye jengo au za duka lake, na mwaka huwa ni wa kumalizika kwa uso wa jengo. Vyumba vya nyuma vinaweza kuwa vya zamani kidogo.

Jinsi jengo lilivyofika kwa Shirika haina siri. Mwaka 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo, iliyompa Rais uwezo wa kuchukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na fidia ilipungua kadiri jengo lilivyozidi umri, hata jengo lililopita miaka 10 likakosa fidia kabisa. Jengo la 1938, kama lilitwaliwa wakati huo, lilikuwa na miaka 33. Majengo hayo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi na mali zake zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lenyewe lipo tangu 1962. Maagizo ya kutwaa yalitangazwa katika Gazeti la Serikali, kwa hiyo matoleo ya kuanzia mwaka 1971 ndiyo pa kuanzia; maktaba kubwa za vyuo vikuu hutunza majalada yake, na kuyasoma hakuhitaji ruhusa ya mwenye nyumba wako.

Ukienda ofisini, andika barua fupi useme wewe ni mpangaji na unataka kujua mwaka wa kujengwa na jina la mmiliki wa kwanza, basi. Usichanganye na ombi la kupunguziwa kodi, hata kama unalo. Na ukimpata mjukuu wa mwenye herufi hizo, ambaye huenda yuko Uingereza au Kanada, mwandikie kwa upole zaidi. Kwa familia nyingi zile mwaka 1971 ni kidonda, na swali la ghafla kutoka kwa mtu asiyejulikana hupokelewa kwa mashaka. Mtumie picha ya zile herufi kwanza. Mtu aliyeona herufi za babu yake huwa na la kusema.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu Ifunda. Karibu na shule kuna nyumba chache za zamani ambazo wazee huziita za Wapolandi, lakini wanafunzi wangu, na hata walimu wenzangu, husema ni za Wajerumani. Nani ana haki? – *Mwalimu, Ifunda*

JIBU: Wasikilize wazee, Mwalimu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kupelekwa Urusi waliachiliwa, wakapitia Irani, na kuanzia mwaka 1942 wengi wao, hasa wanawake na watoto, wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi kubwa ya Tanganyika ilikuwa Tengeru, Arusha. Nyingine zilikuwa Kondoa, Morogoro, Kidugala kule Njombe, na hapo hapo kwenu Ifunda. Ajabu ni kwamba kijana wa Ifunda leo hajui kuwa kijiji chake kimeandikwa katika kumbukumbu za familia nyingi za Poland. Neno “mzungu” limefunika tofauti zote, na “Mjerumani” limekuwa jina la kila tofali la zamani.

Lakini kuwepo kwa kambi hakuthibitishi kwamba nyumba uzionazo ni za kambi. Wakimbizi walipoondoka, mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni ilianzisha shule ya ufundi mahali hapo, nayo ilijenga. Kazi yako ni kutenganisha matabaka hayo mawili. Njia fupi ni picha za zamani za anga na ramani za Idara ya Upimaji na Ramani, ambazo zitakuonyesha paa zipi zilikuwapo mwaka gani. Njia ndefu, ambayo mwalimu wa historia angeifurahia, ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, zilipo nyaraka nyingi za Wajerumani na majalada ya serikali ya Waingereza. Chini ya sheria ya mwaka 2002, nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30, kwa hiyo za miaka ya 1940 ziko wazi. Omba majalada ya wilaya ya Iringa na ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, na usisahau “kitabu cha wilaya”, daftari ambalo mabwana shauri walirithishana, kila mmoja akiongeza habari za machifu, barabara, masoko na majengo ya eneo lake. Chukua barua ya utambulisho kutoka shuleni, na penseli, kwa maana kalamu ya wino haipendwi karibu na karatasi za zamani. Kwa upande wa Wapolandi wenyewe, taasisi ya Sikorski iliyoko London inatunza nyaraka za wakimbizi hao.

Kama kuna makaburi yao jirani, nakili kila jina herufi kwa herufi pamoja na tarehe, hata usipojua kulitamka. Wanafunzi wanaweza kufanya hivyo asubuhi moja.

SWALI: Bibi alipofariki tulikuta sandukuni kwake karatasi iliyochapwa Kijerumani, ina mhuri wa Neu-Langenburg, neno Hüttensteuer, na maandishi “Rp. 3”. Shamba analolitaja baba sasa linalimwa na watu wengine, tangu kabla sijazaliwa. Mimi nina miaka 41. Je, hati hii inatuwezesha kulirudisha? – *Mjukuu wa Bibi, Tukuyu*

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa msiba. Hiyo si hati ya ardhi. Neu-Langenburg ndilo jina ambalo Wajerumani waliipa Tukuyu yenu, na Hüttensteuer ni kodi ya kibanda, iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Ulichonacho ni stakabadhi kwamba mtu fulani wa nyumba fulani alilipa rupia tatu. Haitaji mpaka, mto wala mti. Kuhusu shamba, Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, nawe umri wako peke yake unazidi mara tatu ya hiyo. Mwanasheria anaweza kukuambia kama kuna jambo la pekee katika kesi yenu, lakini nisingependa uuze ng’ombe kwa ajili ya karatasi hiyo.

Kama kumbukumbu ya ukoo, hata hivyo, ni hazina. Itazame tena: kama kuna neno Heller, ni ya mwaka 1904 au baadaye, kwa sababu kabla ya hapo rupia iligawanywa kwa pesa 64, na baada yake kwa heller 100. Kikomo cha mwisho ni katikati ya 1916, Wajerumani walipoondoka Tukuyu. Jina lililoandikwa kwa mkono huenda lisisomeke, kwani mwandiko wa Kijerumani wa wakati ule una herufi ambazo hata Wajerumani wa leo wanajifunza upya. Wamoraviani wako Rungwe tangu mwaka 1891, na huenda kwao ukampata mtu aliyezoea kuusoma.

Usiitie lamineti. Iweke katikati ya karatasi mbili nyeupe, ndani ya bahasha, mbali na dirisha.

SWALI: Sisi mjini Njombe tumekubaliana kubomoa nyumba ya marehemu babu mwezi ujao ili tujenge ya kisasa. Ni ya matofali ya kuchoma, ina mahali pa kuotea moto sebuleni. Mdogo wangu anasema tungoje tuandike historia yake kwanza; mimi naona mvua zinakuja. Utatuamuaje? – *Mtoto wa Kwanza, Njombe*

JIBU: Mdogo wako anahitaji siku mbili tu, mpe. Siku ya kwanza apige picha kila chumba kutoka pembe zote nne, kisha paa, madirisha, bawaba na makomeo kwa karibu, pamoja na dohani ndani na nje. Apime kwa futi ya utepe urefu wa kila ukuta na unene wake, achore kwenye karatasi ya mraba, na aweke alama ya kaskazini. Siku ya pili amlete fundi mzee wa mtaani, kama yupo, atembee naye akimweleza kila anachokiona. Mafundi wa Njombe hutambua tanuru la matofali kwa rangi yake. Mnapobomoa, anzeni na sehemu ya moto, polepole, kwa maana nyuma ya jiwe la mbele waashi walikuwa na tabia ya kuchora mwaka au jina lao kwenye lipu mbichi. Mlango wa mbele uhifadhiwe na fremu yake, pamoja na tofali moja zima lililoandikwa kwa penseli lilitoka ukuta upi.